Wageni Feki Kwenye Zulia Jekundu

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni kabla hujafika ukurasa huu, shauri yako. Lakini kwa kuwa nina moyo wa huruma, nakukumbusha. Tulimwacha Bi Foleni, msimamizi wa ukumbi wa kuwasili, amesimama dirishani na redio ya mkononi sikioni. Upande wa pili wa redio alikuwa mdogo wake, dereva wa basi la uwanjani, yule tunayemwita Breki. Naye alikuwa amemuuliza dada yake swali la kukausha mate:

"Dada, hawa watu niliowapakia ni kina nani? Hawajui hata neno moja la lugha yetu!"

"Breki, acha utani. Umewapakia watu wetu wa majaribio."

"Ndivyo nilivyodhani! Mbona tangu wapande wanaongea kigeni tupu? Mkurugenzi alisema waigize, nikajua wanaigiza. Nikasema, jamani, watu wa kwetu wana vipaji! Mpaka makofi nikawapigia."

"Wako wapi sasa?"

"Ghalani. Mlinzi kapiga kufuli, kama ulivyoagiza."

Bi Foleni akashika ukuta. Kwenye maegesho, nyuma ya ndege kuukuu iliyokuwa ikitumiwa kwa majaribio, aliiona ndege nyingine, kubwa, imeandikwa maandishi ya mbali, ngazi imeshaegeshwa mlangoni. Timu ya kwanza ya mashindano ilikuwa imefika kabla ya saa yake. Na Breki alikuwa ameifungia ghalani.

Sasa, usinikunjie uso, ngoja nikueleze upuuzi huu ulivyoanza.

Mashindano makubwa ya dunia yanakuja, na uwanja wa ndege ndio mlango wa wageni. Kila uwanja unaojiheshimu hufanya majaribio: watu wa kawaida hujifanya abiria, wakapitishwa kila mlango, ijulikane foleni itakwama wapi. Ni jambo la busara kabisa. Bahati mbaya busara hiyo ilikabidhiwa kwa Mzee Rangi.

Mzee Rangi ndiye mkurugenzi. Jina hilo kapewa na wafanyakazi wake, kwa sababu akiona ufa anapaka rangi, akiona kutu anapaka rangi, na majani ya mbele ya jengo yalipokauka, aliyapaka rangi ya kijani. Ngazi za umeme amezizima zisichakae. Mkanda mpya wa mizigo bado umevaa nailoni yake ya kiwandani. Vyoo vipya vya wageni amevifunga utepe mwekundu mpaka Waziri aje aukate, na wafanyakazi wakibanwa wanavuka barabara kwenda kuomba choo kituo cha mafuta. Huko ndiko kujiandaa kwake!

Watu wa majaribio walikuwa ndugu wa wafanyakazi. Mzee Rangi akawashoneshea traksuti za bluu, sawasawa na za timu itakayotangulia kufika, eti mambo yaonekane ya kweli. Cha kuwatofautisha kilikuwa beji ya njano kifuani. Basi asubuhi hii wapiga picha wakawahi, na Mzee Rangi akaona beji zinaharibu picha. Akamwinamia Bi Foleni sikioni: "Waambie wavue." Bi Foleni akasema redioni, beji zikavuliwa.

Halafu Waziri naye akawahi. Timu ya kweli ilitegemewa alasiri, lakini yeye akakuta watu wa bluu wako kwenye zulia jekundu, akafungua mikono yote miwili. Mzee Rangi angesema tu, "Mheshimiwa, hawa ni wa mazoezi." Sentensi moja! Ubavu hakuwa nao. Badala yake akamwinamia tena Bi Foleni: "Mwambie dereva, mwenye traksuti ya bluu yeyote aliyebaki huko nje akafichwe ghala la zamani la mizigo, na afungiwe, mpaka Waziri aondoke."

Bi Foleni akasema redioni kama alivyoambiwa. Ndege ya kweli ikatua wakati huohuo, isipokewe na mtu, maana kila mfanyakazi wa mapokezi alikuwa kapangwa kando ya zulia kupiga makofi.

Umenipata? Haya, twende.

Kitu cha kwanza kilichomjia Bi Foleni hakikuwa aibu ya taifa. Taifa lina wenyewe. Alimuwaza Breki. Yeye ndiye aliyezunguka na vyeti vya mdogo wake ofisi kwa ofisi mpaka akapata kazi hii. Breki anaishi nyumba za wafanyakazi nyuma ya uzio, na mkewe, na watoto, na mama yao ambaye magoti yameshagoma. Kibarua cha Breki kikiota nyasi, Mama atatolewa nje na godoro lake. Na Bi Foleni alimjua mkurugenzi wake. Kukiharibika kitu, humtafuta aliye chini akamtwisha zigo.

"Breki, kaa hapohapo ghalani. Usimwambie mtu kitu. Nakuja."

Akashuka ukumbini mbio. Kwenye zulia mambo yalikuwa yamenoga. Katikati, mkono umo mkononi mwa Waziri, alisimama baba mkwe wake.

Ndiyo, baba mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, aliyepewa nafasi ya mkuu wa msafara kwa sababu ya mvi na kitambi. Tena ndiye aliyezishona zile traksuti. Mzee alikuwa ameambiwa aongee kigeni, na kigeni hakijui, kwa hiyo alikuwa akikitengeneza palepale.

"Rominka shalabata tushi," akasema, kidevu juu.

Waziri akamgeukia mkalimani wa serikali. Mkalimani, kijana wa shahada mbili na tai ya hariri, akakohoa kidogo. Hakuelewa hata herufi moja, lakini kamera zilikuwa zinamwangalia.

"Anasema wamesafiri salama, Mheshimiwa. Amevutiwa mno na usafi wa uwanja wetu."

"Muulize wanategemea medali nyingi?"

Mkalimani akanong'ona kitu. Baba mkwe akafikiri, akasema, "Tushi."

"Anasema nyingi, Mheshimiwa, ila anawaogopa vijana wetu."

Makofi! Waziri akacheka mpaka tumbo likatikisika, na waandishi wakaandika. Bi Foleni alipopita nyuma ya mgongo wa baba mkwe, mzee akamuuliza kwa pembe ya mdomo, "Mwanangu, napatia?"

"Unapatia mno, Baba," akajibu, bila kusimama.

Akamfikia Mzee Rangi, akamvuta pembeni ya nguzo.

"Mkurugenzi, timu ya kweli imeshafika. Breki kaipeleka ghalani, kafuata amri yako."

Uso wa Mzee Rangi ukapoteza damu. Akatazama kamera, akatazama Waziri, akatazama viatu vyake. Unadhani aliuliza kama wageni wako salama? Thubutu!

"Wapiga picha wamejua?"

"Hapana."

"Basi tulia. Waziri akate utepe wa vyoo, apige picha, aende zake. Hapo tutawatoa tuwapokee upya."

"Mkurugenzi, wale ni watu! Wamekaa angani usiku kucha, halafu tunawafungia kama magunia?"

"Sauti yako, mama. Mwanamichezo ni mtu wa kuvumilia."

Redio ikalia mkononi mwa Bi Foleni.

"Dada! Kuna msichana huku anakosa pumzi! Hili ghala limejaa ndoo za rangi, harufu imempanda! Na mlinzi hataki kufungua, anasema anaigiza kuliko wenzake wote!"

Mzee Rangi aliyasikia yote hayo. Akalegeza tai.

"Likitokea la kutokea," akasema polepole, "ujue dereva ndiye aliyewapeleka. Mimi sikuwepo. Hiyo ni kesi ya polisi."

Bi Foleni akamtazama kwa namna ambayo mtu hutazama kitu alichokikanyaga njiani. Miaka yote hiyo ameitika "ndiyo Mkurugenzi" kwa mtu wa aina hii! Akamgeuzia mgongo, akatoka mbio.

Mlinzi wa ghala alikuwa mlangoni anacheka mwenyewe, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Bi Foleni, hawa watu mmewatoa wapi? Kuna mama humo ndani kanitukana kwa lugha sijui gani, nikataka kumpa zawadi!"

"Fungua!"

"Lakini Mzee kasema..."

"Fungua kabla sijakufungia wewe!"

Kufuli likafunguka, na harufu ya rangi ikawapiga usoni. Ndani walikuwa wamesongamana watu wa bluu, warefu, wamechoka, wamekasirika. Sakafuni, ameegemea ndoo, alikaa binti mwembamba, mkimbiaji, mkono kifuani, anatafuta pumzi haiji. Mbele yake akasimama mama mmoja mrefu kama mlingoti, mkuu wa msafara wa kweli kabisa, akammwagia Bi Foleni maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Bi Foleni alijua kuomba radhi kwa lugha nyingi, kama kila mtu aliyezeekea kwenye foleni za pasipoti. Akaomba radhi kwa lugha ile, mara moja, mara ya pili, huku kapiga goti mbele ya binti. Binti akafanya ishara ya kuweka kitu mdomoni.

"Dawa ya pumu! Breki, mabegi yao yako wapi?"

"Kwenye basi!"

"Yalete yote! Kimbia!"

Breki akakimbia kweli, hilo simnyimi. Akarudi na mabegi begani, shingoni na mikononi, binti akanyooshea kidole moja, wakalipekua, kichupa kikapatikana. Akavuta dawa, akavuta tena, na rangi ya uso ikaanza kumrudia. Breki alikaa chini akalia waziwazi.

"Dada, wamenimaliza. Watasema nimeteka wageni. Mama nitamwambia nini?"

"Futa machozi. Amri niliisema mimi, na aliyenipa ni Mkurugenzi. Nitalisema hilo mbele ya Waziri mwenyewe. Hakuna atakayekugusa nikiwa hai, umenisikia?"

"Dada, utafukuzwa."

"Nifukuzwe."

Tena alilisema kwa moyo mweupe. Natamani ningeishia hapa, msomaji wangu, ukaenda kulala na imani yako kwa ndugu wa tumbo moja. Lakini gazeti haliuzwi hivyo.

Binti alihitaji maji ya kunawa uso na kusuuza koo. Bi Foleni akamshika mkono, wakaingia jengoni kwa mlango wa nyuma, mama mlingoti na timu yote nyuma yao. Mbele yao vikawa vile vyoo vipya, vinang'aa, vimefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Bi Foleni hakupunguza hata mwendo. Akaukwanyua utepe ule kwa mkono mmoja, akautupa.

"Karibuni," akawaambia.

Basi, wacha! Watu waliokaa angani usiku kucha na ghalani asubuhi hawakungoja kuambiwa mara mbili.

Alipotoka kutafuta taulo, akamwona Mzee Rangi mwisho wa korido. Alikuwa na Breki. Mkono wa mkurugenzi ulikuwa juu ya bega la dereva, na midomo inakwenda haraka haraka. Breki kainamisha kichwa, anasikiliza.

"Usimtishe mdogo wangu!" Bi Foleni akapaza sauti.

Mzee Rangi akauondoa mkono, akatabasamu, akaondoka zake kuelekea ukumbini. Bi Foleni akamsogelea Breki.

"Kakwambia nini?"

"Hakuna, dada."

"Usiogope maneno yake. Mimi nipo."

Breki aliitikia kwa kichwa, macho kayaelekeza ukutani. Bi Foleni akadhani ni hofu.

Hawakupata nafasi ya kuongea zaidi, maana korido ilijaa ngoma na vigelegele. Waziri huyo! Nyuma yake kamera, nyuma ya kamera baba mkwe na wageni wake wa kushona, na mbele ya wote dada mmoja kabeba sinia lenye mkasi. Walikuja kukata utepe wa vyoo.

Utepe ulikuwa chini. Mlango ukafunguka, akatoka mama mlingoti anakung'uta maji mikononi, na timu yake nyuma yake. Wabluu wakatazamana na wabluu, na ngoma ikakatika katikati ya mdundo.

Waziri akapepesa macho.

"Hawa ni nani? Mkalimani, hebu muulize mkuu wa msafara, hawa ni wachezaji wake wengine?"

Mkalimani hakuonekana. Alikuwa amekumbuka ghafla kwamba ana shughuli sehemu nyingine, na mara ya mwisho tai yake ilionekana ikivuka barabara. Baba mkwe akaona mwenyewe kwamba mchezo umekwisha. Akavua kofia.

"Mheshimiwa, usihangaike na mkalimani. Mimi ni fundi cherehani. Hizi nguo nimezishona mimi. Wageni wako nadhani ni hao."

Hapo ndipo kamera zilipofanya kazi! Waziri akageuka mwekundu, akageuka kijivu. Aliyekuwa akicheka mpaka tumbo likatikisika sasa alikuwa anatetemesha ndevu.

"Mkurugenzi!"

"Mheshimiwa," akaruka Mzee Rangi, jibu tayari kama analisoma kwenye karatasi, "ni uzembe wa kusikitisha wa dereva wa basi. Amewachukua wageni wetu kinyume cha utaratibu na kuwafungia ghalani. Nimeshaita askari."

Askari wawili wakajitokeza, mmoja akamkamata Breki mkono juu ya kiwiko. Breki hakufurukuta. Bi Foleni akajipenyeza mpaka mbele ya Waziri, redio bado iko mkononi, blauzi yake ina madoa ya rangi ya ghalani.

"Mheshimiwa, dereva hana kosa. Mkurugenzi aliamuru beji zivuliwe, picha zitoke vizuri. Wewe ulipofika akakosa ujasiri wa kukwambia unasalimiana na watu wa mazoezi. Akaamuru wenye bluu waliobaki nje wafichwe ghalani. Amri zote mbili aliniambia mimi sikioni, na mimi nikazisema redioni. Nilipaswa kukataa, sikukataa. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe mimi na yeye. Huyu kijana mwachieni."

Baba mkwe akamtazama mke wa mwanawe kwa fahari ya wazi, na waandishi wakasogea na vinasa sauti vyao.

"Uongo," akasema Mzee Rangi, bila hata kupandisha sauti. "Mheshimiwa, nani alinisikia? Anamkinga mdogo wake. Huyu dereva ni mdogo wake wa tumbo moja."

Waziri akamgeukia Breki.

"Dereva, ulikuwa na redio. Sema ukweli. Ni Mkurugenzi aliyekupa amri?"

Bi Foleni akamtazama mdogo wake na kumtabasamia, kama alivyokuwa akimtabasamia mlangoni mwa shule alipokuwa akiogopa kuingia. Sema tu, Breki. Sema nilivyokwambia ghalani.

Breki akainua uso. Akamtazama Mzee Rangi, na Mzee Rangi akaitikia kwa kope tu.

"Mheshimiwa, Mkurugenzi sikumsikia kabisa. Niliyemsikia ni dada. Yeye ndiye aliyeniambia niwafungie, na nilipomwambia kuna mgonjwa akasema nisimwambie mtu. Nilikuwa namwogopa. Tangu udogo wetu ananiburuza."

"Breki!" akaita Bi Foleni.

Breki akakaza macho sakafuni.

Askari akauachia mkono wa dereva, akapiga hatua moja, akamshika dada.